Nani hubebeshwa lawama mtu anapougua akili?

Kijana akianza kukesha akizungumza na watu wasioonekana, akakataa chakula cha mama yake kwa kudai kimetiwa sumu, kikao cha kwanza hakifanyiki hospitali. Kinafanyika nyumbani, usiku, mlango ukiwa umeegeshwa ili majirani wasisikie. Baba mkubwa ameitwa, shangazi amefika, na bibi yupo pale pembeni ingawa neno lake ndilo zito kuliko ya wote. Wanaulizana: nani kamfanyia? Kaingiliwa na nini? Au, siku hizi zaidi: anavuta?

Jibu litakalopita katika kikao kile ndilo litakaloamua karibu kila kitu kitakachompata kijana huyo baadaye. Litaamua anapelekwa wapi na anasindikizwa na nani, anacheleweshwa miezi mingapi, kinauzwa nini ili apate nauli, na akirudi analala chumba gani. Mijadala yetu kuhusu jambo hili hupenda kuweka mila upande mmoja na sayansi upande wa pili, kisha tunatakiwa kuchagua. Mimi sioni kama mgawanyo huo unatusaidia. Maelezo yoyote ya ugonjwa wa akili, yawe ya mganga, ya shehe, ya mchungaji au ya daktari, yana kazi nyingine zaidi ya kutaja chanzo: yanaamua nani alaumiwe, nani alipe, na mgonjwa aendelee kuhesabiwa kuwa nani ndani ya nyumba yake. Tukiyapima kwa kipimo hicho tutaona kwamba mila zetu zenyewe zinatofautiana sana, na kwamba hospitali nayo ina mila yake.

Chukua jini. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Pemba, mtu aliyepandisha hahesabiwi kuwa ndiye anayesema. Jini ndiye anayesema, ndiye anayetukana, ndiye anayetaka udi na marashi. Mwenye mwili amekaliwa tu. Familia humtafutia msomaji, na mara nyingi tiba huanza na kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, wino unaachwa ukauke, kisha unaoshwa kwa maji yaliyochanganywa na marashi mpaka sahani itakate, na maji yale ya manjano anapewa mgonjwa ayanywe huku mkono wa mtu umemshika bega. Nani anashika bega lile? Aghalabu ni mama, dada au mke. Kombe halinywewi peke yako.

Mtafiti wa Kimarekani, Juli McGruder, aliishi Zanzibar akifuatilia familia zilizokuwa na wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwepo. Alichokiona ni kwamba imani ya jini, ambayo mgeni angeitarajia imfanye mgonjwa atengwe, mara nyingi ilimrudisha ndani. Kwa kuwa jini huja na kuondoka, siku akiwa ametulia mgonjwa alihesabiwa kuwa mzima kabisa: alitumwa dukani, aliketi kwenye chakula, hakukumbushwa aliyoyafanya juzi. Hili lina uzito wa kitabibu. Huko London, tangu miaka ya 1950, George Brown na wenzake walifuatilia wagonjwa waliotoka wodini na kurudi makwao, wakagundua kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye kulaumu, kukaripia na kuwaingilia kila hatua waliugua upya zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Nyumba inayomlaumu jini haina sababu kubwa ya kumkaripia mwana.

Hata sauti zenyewe anazosikia mgonjwa hazifanani kila mahali. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu 60 wenye ugonjwa huu, 20 katika kila mji: San Mateo huko California, Accra nchini Ghana na Chennai nchini India. Wamarekani wengi walielezea sauti kama mashambulizi, zenye kuamuru vita na mauaji, na walizichukulia kuwa dalili za ubongo ulioharibika. Accra wengi walisema ni sauti ya Mungu, na mara nyingi ilikuwa njema. Chennai zilikuwa sauti za ndugu na jamaa, zikiwahimiza waoge, wafanye usafi, wale. Ugonjwa ni mmoja kwenye kitabu cha daktari, lakini mtu anayeamkia sauti inayomwambia aoge na mwingine anayeamkia sauti inayomwambia aue hawaishi maisha ya aina moja.

Sitaki kuipamba imani hii kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba inachelewesha. Wapo wanaofika kliniki mwaka wa pili au wa tatu, nyumba imeshauzwa, mgonjwa amekonda na amezoea kulala jalalani. Na kwenye ngoma za kupunga pepo kuna wanaojineemesha. Lakini tukiutazama ucheleweshaji huo kwa makini, tutakuta umbali wa hospitali na aibu ya kuonekana pale vinachangia sana. Wala mtu hahitaji kuacha kusomewa ili ameze kidonge. Familia nyingi hufanya yote mawili, ila humficha daktari habari za msomaji kwa sababu wanajua watagombezwa.

Uchawi ni habari nyingine kabisa, na ni kosa kuuweka kapu moja na jini. Jini hana makazi mtaani kwenu. Mchawi anayo. Mganga akisema "karogwa", swali linalofuata ni la jina, na jina mara nyingi huangukia kwa mtu asiye na wa kumtetea: mjane, mama wa kambo, kikongwe anayeishi peke yake. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma hizi, na macho mekundu yaliyotokana na kupikia moshini maisha yao yote yakachukuliwa kuwa ushahidi. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Kwa mgonjwa wa akili, ramli ya aina hiyo ina madhara mawili kwa mpigo. Fedha zinaisha, maana kila mganga mpya hutaja adui mpya, na ukoo unaosambaratika kwa kutuhumiana ni ukoo uleule uliotakiwa kupokezana zamu ya kumtazama.

Kisha kuna jibu linalojiona la kisasa kuliko yote: bangi. Mjini ndilo linaloshika. Halina jini, halina mchawi, linaonekana la kisayansi, na lina ukweli ndani yake, kwa kuwa uvutaji wa bangi kwa wingi tangu ujanani unaongeza hatari ya kuugua ugonjwa wa kusikia sauti na kuwaza vitu visivyokuwepo. Lakini tazama linavyogawa lawama. Safari hii lawama yote inamwangukia mgonjwa. "Kajitakia." Neno hilo likishatoka kinywani mwa baba, kijana amepoteza vitu ambavyo jini asingemnyang'anya: huruma, subira, nauli ya kliniki. Anapelekwa kwa mgambo badala ya muuguzi. Anachapwa ili akome. Na wapo, si wachache, walioanza kusikia sauti kwanza ndipo wakaanza kuvuta ili zitulie, lakini hakuna aliyewauliza kipi kilitangulia. Kati ya maelezo yote yanayozunguka mitaani kwetu, hili ndilo naliona katili kuliko mengine, na ndilo linalotoka midomoni mwa watu waliosoma.

Jibu kwamba ugonjwa ni mtihani wa Mungu halihitaji maneno mengi. Linapotumika vizuri huipa familia subira ambayo hakuna kidonge kinachoweza kuitoa. Linapotumika vibaya, mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, anaambiwa imani yake ni haba, au anaitwa mbele ya mkutano na kuagizwa atupe dawa ili uponyaji ukamilike. Kiongozi wa dini anayemwamuru mgonjwa aache dawa anacheza na roho ya mtu, na hilo lisemwe wazi kila mahali.

Kuna jambo moja kuhusu lawama ambalo watetezi wa mila huliruka, na Kashasha inalionyesha vizuri. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walipopelekwa makwao hali ile ikawafuata: katika kijiji cha Nshamba watu 217 walipatwa, wengi wao vijana na watoto wa shule. Hakikuwa kicheko cha furaha. Walicheka, wakalia, wakakimbia ovyo, kwa dakika au kwa saa nyingi, kikiacha na kurudi. Madaktari walipima damu na kuchunguza chakula, wasikute sumu wala kijidudu, wakahitimisha kwamba ni mhemko ulioambukizana.

Nje ya nchi kisa hicho husimuliwa kama ajabu la kufurahisha. Huku kwetu hakijaisha, kimebadilika sura tu. Kila mara tunasikia wasichana wa shule fulani wanaanguka, wanapiga kelele, wanapandisha. Huanguka zaidi wa bweni, na zaidi mitihani inapokaribia. Mwalimu mkuu anamwita mchungaji au shehe, uwanja unaombewa, mti mkubwa nyuma ya bweni unakatwa, na masomo yanaendelea. Msichana ameokolewa na fimbo, maana hakuna anayemchapa mtu aliyeingiliwa. Lakini aliyeokolewa zaidi ni shule. Hakuna aliyeuliza wanalala saa ngapi, wanakula nini, nani huingia bwenini usiku, adhabu zikoje, na mwalimu yupi anaogopwa. Mzigo uliopaswa kuwa wa wakubwa amebebeshwa pepo, na pepo haandiki barua ya kujieleza.

Kwa hiyo huruma ya maelezo ya jini ina upande wa pili. Wanawake wengi wa pwani wamepata kupitia ngoma ya pepo kile ambacho hawakuweza kukidai kwa kinywa chao: pete, kanga mpya, siku saba za kuhudumiwa, mume aliyelazimika kukaa na kusikiliza. Hilo ni jambo kubwa na silidharau. Ila ngoma ikiisha, mume ni yuleyule. Na tusidhani kliniki imesalimika. Mke anayepigwa kila wiki, akaandikiwa vidonge vya sonona na kurudishwa nyumbani bila swali hata moja kuhusu michubuko, ametendewa hivyohivyo. Shida imehamishiwa ndani ya kichwa chake, na aliyeileta yuko huru.

Nilisema hospitali nayo ina mila. Kwetu mila hiyo ina historia, na kuijua kunaeleza kwa nini watu wanaikimbia. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mathari ya Nairobi ilikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui kabla ya kugeuzwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya kufungia wendawazimu. Mirembe ya Dodoma nayo ni mtoto wa ukoloni. Kazi kubwa ya nyumba hizi ilikuwa kuondoa vurugu barabarani. Tiba ilikuja baadaye, na mpaka leo majina yao hutumika mitaani kama matusi. Unamwambia mzazi ampeleke mwanawe Mirembe, naye anasikia kwamba mtoto wake hatarudi kuwa mtu.

Aliyeiongoza Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950 alikuwa daktari aitwaye J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia andiko ambamo alidai kuwa Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, kiasi cha kufanana na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Alidai pia kuwa sonona ni nadra kwa Waafrika. Mwaka uliofuata aliandika ripoti kwa Serikali ya kikoloni ya Kenya akiichambua Mau Mau kana kwamba ni tatizo la akili. Watu walinyang'anywa ardhi, wakasimama, na mtaalamu akaona maradhi. Nikiambiwa tuache mila tufuate sayansi, namkumbuka yeye, kwa sababu alichokiita sayansi kilikuwa mila ya watawala iliyovaa koti jeupe.

Lile dai kwamba Waafrika hawaugui sonona lilitugharimu. Sonona ilikuwepo, ila ilikuwa ikisema lugha nyingine. Mama anafika zahanati akilalamika kichwa, moyo kwenda mbio, mwili kukosa nguvu, kuwaka moto utosini, usingizi kukatika saa tisa usiku. Anapimwa malaria, haina. Anapewa dawa ya maumivu. Anarudi wiki ya tatu na malalamiko yaleyale, na kwenye daftari lake hakuna mahali palipoandikwa kwamba amezika watoto wawili. Angeulizwa "una mawazo?", angelia palepale dirishani.

Nchini Zimbabwe swali hilo waliwaachia mabibi. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, akiwafunza wanawake wazee wa mtaa kuketi na mwenye shida kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kwa waliokaa na mabibi, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo sasa limefika hadi Zanzibar. Nguvu yake, kwa ninavyoona, ni kwamba halikumtaka mtu abadili imani yake kwanza. Bibi anajua mtaa ule unasemaje mtu anapolemewa, naye anaanzia hapo.

Wala wazo hili si geni Afrika. Mwaka uleule wa 1954, Carothers alipokuwa akiandika kuhusu Mau Mau, Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza kuwaweka wagonjwa wake katika nyumba za wanavijiji huko Aro, Abeokuta. Kila mgonjwa alikuja na ndugu wa kumpikia na kumsindikiza, asubuhi walitibiwa, mchana walifanya kazi, na waganga wa jadi walishirikishwa. Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika lilelile la Afya Duniani. Tanzania nayo baada ya uhuru ilijaribu vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili kwa fikra inayofanana na hiyo. Kwa nini tuliviacha vikafifia, hilo lingestahili uchunguzi wake.

Tunaambiwa siku hizi kwamba dawa ya unyanyapaa ni kuufundisha umma kuwa ugonjwa wa akili ni ugonjwa wa ubongo kama kisukari kilivyo cha kongosho. Nusu ya kazi inafanyika hivyo. Tafiti za Ulaya na Marekani zinaonyesha kwamba maelezo hayo hupunguza kumlaumu mgonjwa, lakini pia huwafanya watu waone hatapona na wakae naye mbali zaidi. Kama ubongo umeharibika, nani atamwajiri, nani atamwoza binti? Mama anayeamini jini anategemea siku ya kuondoka kwake. Ukimnyang'anya tegemeo hilo umpe nini badala yake?

Na kuna mahali ambapo kutomsikiliza mama huyo kunaua tiba moja kwa moja. Mgonjwa amechomwa sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza maradhi ya akili, karudi nyumbani, usiku shingo inapinda upande mmoja, macho yanageukia juu, ulimi unatoka, taya limekaza. Kila aliyewahi kuona mtu amepandisha anajua anachokiona: jini amekataa dawa. Hospitali hawarudi tena. Hayo ni madhara yanayojulikana ya dawa yenyewe, na ipo dawa ya kuyatuliza. Muuguzi angetumia dakika mbili kusema, "Shingo ikipinda msiogope, ni dawa, mleteni usiku huohuo," mgonjwa huyo angebaki kliniki. Lakini ili muuguzi aseme hivyo sharti ajue wao nyumbani wanaamini nini, na ili ajue sharti aulize bila kucheka.

Kuhusu minyororo sina maridhiano. Shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2020 kwamba watu wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60. Wengi hudhani chanzo chake ni ushirikina. Kwa waganga wengine na kwenye kambi za maombi ni hivyo, na huko sheria ifike bila kubisha hodi. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002 na baraza la kuwasajili waganga, kwa hiyo pa kuanzia papo: mganga anayefunga mtu afutiwe usajili. Ila nyumbani hali huwa tofauti. Mama anamfunga mwanawe kamba mguuni kwenye nguzo ya jikoni kwa kuwa lazima aende shamba, baba amefariki, mara ya mwisho kijana alipotoka aliokotwa barabara kuu, na zahanati haina sindano tangu mwezi juzi. Mama yule ana imani zake, lakini siku sindano ikipatikana kijana akatulia, kamba ataifungua mwenyewe, jini awepo asiwepo. Kumfundisha kuhusu ubongo huku kabati la dawa la zahanati ni tupu ni kumwongezea lawama mtu ambaye tayari anabeba za watu wote.